Tulienda kupima kura, tukaishia kumpima mjumbe: kisa cha dodoso kwenye mitaa miwili

## Kabla ya kuanza

Hiki ni kisa cha utafiti wetu wa kura hapa Tanzania. Mji nimeuficha, chuo nimekificha, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha mtu nimeyageuza kidogo ili asijulikane. Asilimia za majibu pia sitaweka, maana mitaa yenyewe ilikuwa miwili tu na mtu wa pale akiziona atajua ni kwao, halafu kama utakavyoona huko mbele, namba za mtaa wa kwanza hata sisi wenyewe mpaka leo tunabishana zinasema nini. Nilichobakiza ni mtiririko: nani aliamua nini, kwa nini, na tulijikwaa wapi. Mimi nilikuwa msimamizi wa wadadisi, yaani yule wa kuchaji vishikwambi usiku, kugawa nauli asubuhi na kusikiliza lawama za pande zote mchana.

## Tulikuwa tunatafuta nini

Swali la mradi kulisema ni rahisi: kwa nini watu wa mjini wanajiandikisha halafu siku ya kura hawatokei? Ukiangalia chaguzi kuu za Tanzania, idadi ya wanaojitokeza inapanda na kushuka kama bei ya nyanya. 2010 walioandikishwa walizidi milioni 20 lakini waliopiga walikuwa milioni 8.6, asilimia 42.8. 2015 ikapanda hadi asilimia 67 na ushee. 2020 ikashuka tena, daftari lina watu milioni 29.7 na waliopiga ni milioni 15 na kidogo, asilimia 50.72. Kila mtu ana maelezo yake, wengine wanasema ni ushindani (2015 kila kijiwe kilikuwa kinawaka), wengine wanasema daftari lenyewe lina watu waliohama na waliofariki kwa hiyo asilimia inaonekana ndogo kuliko hali halisi, na wote wana hoja. Ila namba ya taifa haikwambii kwa nini fulani wa mtaa fulani siku ile alibaki kuosha pikipiki yake.

Profesa wetu ni mfuasi wa Anthony Downs, yule mchumi wa Marekani aliyeuliza mwaka 1957 kwamba kama kura moja haiwezi kubadilisha matokeo, na kwenda kupiga kunakula muda na hela, mtu anaendea nini? Kwa bodaboda hilo swali halina nadharia ndani yake, saa mbili za foleni ni mafuta na ni hesabu ya tajiri jioni. Kwa hiyo tukatengeneza dodoso la kama dakika 25, tukapanga kwenda miezi michache baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, wakati kumbukumbu za watu bado mbichi na uchaguzi mkuu wa 2025 bado haujachemka.

## Tulivyojipanga

Wadadisi sita, wanne wadada. Mitaa miwili ya mji uleule, mmoja wa zamani wenye watu wa kudumu na mmoja uliojaa wapangaji. Kanuni ya kuchagua nyumba ilikuwa ya kawaida, unaanzia alama fulani (sisi tulitumia mashine ya kusaga), unafuata mkono wa kushoto, unahesabu, unaingia ya tano. Kwenye nyumba za kupanga kila chumba kinachojipikia ni kaya. Ndani ya kaya unaandika majina ya wenye miaka 18 kuendelea kwenye vikaratasi, unakunja, unachanganya, mtu anachomoa kimoja, huyo ndo unamhoji hata kama ni bibi anayesema "mimi nini najua mwanangu". Majibu yanaingia kwenye kishikwambi kwa KoboToolbox, programu ya kukusanyia data, jioni bando likiwepo yanatumwa.

Barua zilipita njia yake yote: chuo, katibu tawala wa mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Hilo kila aliyefanya utafiti huku analijua, unaweza kumaliza wiki nzima kwenye mabenchi ya ofisi kabla hujahoji mtu mmoja. Tulipofika kwa mwenyekiti tulikuwa tumechoka, na yule mzee akatupokea vizuri kweli, chai, maandazi, halafu akasema nawapa mtu wa kuwazungusha maana mtaa huu mkiingia wenyewe mtapotea.

Mtu mwenyewe alikuwa mjumbe wa nyumba kumi.

Hapa niseme kwa wale wasio wa huku. Mjumbe, au balozi kama wengine wanavyomwita, ni mtu anayeijua kila nyumba, nani kahamia, nani kafiwa, nani kagombana na mke wake. Watu wanamwendea kuandikiwa barua, kusuluhishwa, kila kitu. Lakini toka mfumo wa vyama vingi urudi 1992, huyo sio kiongozi wa serikali, ni kiongozi wa shina la chama tawala. Mtaani tofauti hiyo watu wengi hawaishiki sana, mjumbe ni mjumbe. Sisi tulioshika dodoso la kura ndio tulitakiwa kuishika kwa mikono miwili.

Mdadisi mmoja, nimwite Z, aliniuliza palepale pembeni, "kaka hivi huyu akikaa tunapohoji si itakuwa shida?" Nikamjibu tusianze kukataa ukarimu wa watu, atatufikisha mlangoni atarudi. Hilo jibu ni langu na lawama yake ni yangu. Sababu zilikuwepo: mbwa, muda, na jinsi milango inavyofunguka haraka ukiwa na mwenyeji. Tulikuwa tumekula siku kwenye mabenchi na bajeti ya gesti ilikuwa inahesabika.

## Siku tatu tamu

Kazi ilikwenda kama maji. Hakuna aliyetukataa, na kama umewahi kufanya kazi ya dodoso mjini unajua hicho peke yake ni cha kukushtua. Mjumbe hakurudi bila shaka, alikaa. Sio kwa ubaya, alikuwa anachukua kigoda, anakaa kivulini, anachezea tasbihi, na mtu akisitasita anamsaidia. Siku ya pili nilifuatana na Z kwa mama mmoja anayechoma vitumbua, mafuta yapo jikoni, anageuza kwa kijiti huku anajibu. Z akafika kwenye swali, "katika uchaguzi wa mtaa wa Novemba, ulipiga kura?" Mama akaangalia vitumbua vyake. Mjumbe akacheka, "Si ulipiga wewe, mwambie tu." Mama akasema ndiyo nilipiga. Z akabonyeza NDIYO, swali linalofuata likaja.

Usiku wa siku ya tatu nikakaa na data. Kitu cha kwanza nilichokiona ni muda, mahojiano ya dakika 25 yalikuwa yanaisha kwa 12 au 13. Cha pili, karibu kila mtu alipiga kura. Karibu kila mtu, vijana kwa wazee. Matokeo ya mwenyekiti yalikuwa yamebandikwa ofisi ya mtaa na tulikuwa tumeyapiga picha, ukijumlisha kura zote pale hata ukigawa kwa ukarimu huwezi kufikia mtaa ambao karibu kila mtu alipiga.

Cha tatu ndo kilichonikosesha usingizi. Mwisho wa dodoso tulikuwa na swali tuliloliazima kwa Afrobarometer, wale wanaopima maoni ya watu nchi nyingi za Afrika, wao huwa wanamalizia kwa kumuuliza mhojiwa anadhani ni nani hasa amewatuma hao wadadisi. Tuliliweka kama mapambo tu, profesa alisema litapendeza kwenye kiambatisho. Majibu: wengi "serikali", wachache "chama", mmoja kasema "nyie ni wa sensa mmerudi", na huyo simlaumu, toka sensa ya Agosti 2022 ukitembea na kishikwambi mtaani wewe ni karani tu. Waliosema "chuo" ungewahesabu kwa vidole, na kila mmoja alikuwa ameambiwa neno chuo dakika kumi kabla.

Asubuhi yake Z akapita kununua vitumbua, peke yake, bila beji bila kishikwambi. Mama akamwambia hivi, nanukuu kama Z alivyoniambia: "Mdogo wangu, umekuja na mjumbe unaniuliza nilipiga, ulitaka nijibu nini? Mimi siku ile nilikuwa msibani." Halafu akamuongezea kitumbua kimoja cha bure.

## Kikao cha gesti

Tukasimamisha kazi. Kikao kilikuwa chumbani kwangu, wengine kitandani, wengine chini, profesa kwenye simu loudspika. Mezani kulikuwa na mambo matatu.

La kwanza, kuendelea vilevile mpaka tumalize, halafu kwenye uchambuzi tuseme majibu yametiwa chumvi. Profesa alilipenda. Hoja yake haikuwa ya kijinga, kila utafiti wa kura duniani una watu wanaosema walipiga wakati hawakupiga, hata Marekani ambako rekodi za nani alipiga zinaweza kukaguliwa wamekuta hivyohivyo mara nyingi. Kwa hiyo kama chumvi ipo kila mahali, unaipima na kuipunguza.

La pili, kufuta mtaa wa kwanza wote na kuanza upya. Hili lilikuwa la wadadisi watatu. Hela haikuwepo.

La tatu lilikuwa la Z: mtaa wa kwanza tuubakize kama ulivyo lakini tuandike kwenye kila fomu nani alikuwepo wakati wa mahojiano, mtaa wa pili tuingie bila mjumbe, na dodoso tulifungue upya maana kuna maswali watu hawakuyaelewa kama tulivyoyakusudia. Tulichukua hili. Ila yule mama wa vitumbua hatukumbadilishia jibu lake. Z alitaka, na nilimwelewa, lakini lile lilikuwa neno aliloambiwa mteja wa vitumbua, mdadisi hakuwepo pale, na mama hakukubali litumike kwenye data. Hapa nimelitumia kama hadithi na Z alirudi akamuomba ruhusa, akasema "andika, jina langu usiweke".

Tatizo la hoja ya profesa, ambalo usiku ule sikuweza kulisema vizuri, ni kwamba chumvi ya kule kwingine inatoka ndani ya mtu mwenyewe, anaona aibu kidogo, anataka aonekane raia mwema. Chumvi yetu sisi tuliibeba wenyewe tukaiweka kwenye kigoda. Na haikumwagika sawasawa: anayeelewana na mjumbe hakuwa na cha kuficha, anayetegemea barua yake ya kesho alikuwa nacho kingi. Huwezi kuondoa kwa hesabu kitu ambacho ukubwa wake unabadilika kutokana na ugomvi wa uzio wa mwaka jana.

## "Ulijiandikisha?" Wapi sasa?

Tulipokaa kupitia dodoso upya ndo likaibuka jingine, na hili kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la mjumbe ingawa halina mchezo wa kuigiza.

Swali letu lilisema "Je, ulijiandikisha kupiga kura?" Kwenye Kiingereza cha pendekezo la utafiti lilikuwa swali safi. Kwa Kiswahili cha mtaani mwaka ule lilikuwa maswali mawili yamevaa shati moja. Kuna daftari la kudumu la wapiga kura, la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, lile la alama za vidole na picha, unapewa kadi, na uboreshaji wake ulianzia Kigoma Julai 2024 ukazunguka mikoa mpaka 2025. Halafu kuna uandikishaji wa uchaguzi wa serikali za mitaa, ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024, chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, unaandikwa jina kwenye kituo cha mtaani kwako, kadi hupewi. Ukiwa na moja haimaanishi una nyingine.

Kijana mmoja wa bodaboda tulimjaribia swali kwenye kijiwe cha kahawa. Akatoa kadi yake ya mpiga kura kwenye pochi, imefungwa nailoni, akaigonga kwenye benchi: "Nimejiandikisha, hii hapa." Na ule wa mtaa, Oktoba, uliandikwa jina? "Si ndo hii hii?" Novemba alikwenda kupiga, jina halipo, akarudi kazini, na moyoni anaamini kabisa kwamba walimkata. Kwenye dodoso letu la zamani angesomeka: kajiandikisha ndiyo, kapiga hapana, sababu "jina langu halikuwepo", na sisi tungemuweka kwenye kundi la waliokata tamaa na mfumo. Labda hata angepata aya yake.

Nikamuuliza kadi aliichukua ya nini. Akanishangaa. Kadi ni kitambulisho, alisema, unaenda nayo kukopa, unaenda nayo benki, polisi wakikusimamisha unayo. Mwenzake akaongeza kwamba ya NIDA, yaani kadi ya kitambulisho cha taifa, aliisubiri mpaka akasahau kama aliomba. Baada ya hapo tukaongeza swali la "kadi yako umewahi kuitumia kwa shughuli gani?", na kura haikuwa jibu la kwanza kwa wengi, ilikuja baada ya mkopo na kusajili vitu. Sasa ukirudi kwenye zile asilimia za taifa, waliopiga kugawa kwa walioandikishwa, kuna watu mle ndani hawakuwahi kuahidi kupiga kura, walikuwa wanatafuta kitambulisho. Kuwaita "waliojiandikisha halafu wakaacha kujitokeza" ni kuwasingizia.

Na ule wa 2019 nao ulikuwa na yake. Tuliuliza "2019 ulipiga kura kwenye uchaguzi wa mtaa?" ili tulinganishe. Watu wengi wakasema hapana, mdadisi anabonyeza HAPANA, anauliza kwa nini, wanamwangalia kama mgeni. Mwaka ule vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa na sehemu nyingi sana wagombea walipita bila kupingwa, kwa hiyo kura zenyewe hazikupigwa! Mtu hawezi kugomea harusi isiyofungwa. Tukaongeza jibu la tatu: "kwetu hapakuwa na kupiga kura".

## Mtaa wa pili

Mwenyekiti wa mtaa wa pili tulimfuata siku mbili kabla, tukamwambia ukweli, mzee tunakushukuru kwa mwenyeji lakini taratibu za chuo haziruhusu mtu wa tatu kukaa kwenye mahojiano. Neno "taratibu za chuo" lina nguvu ajabu. Alikubali ila aliudhika kidogo, maana mjumbe aliyekuwa amemwandaa alitegemea posho, na mimi nilikuwa sijafikiria kabisa kwamba kumkataa mtu ni kumnyima hela ya siku tatu. Tulimpa nauli yake ya kuja kwenye kikao, na akawa balozi wetu kwa maana nzuri ya neno, alitangulia kuwaambia watu kuna vijana watapita.

Tuliingia wawiliwawili, beji shingoni, mmoja anahoji na mwingine kazi yake ni kushughulika na waliojikusanya, watoto, mashemeji, jirani mwenye maoni. Mume anayemjibia mkewe tulimpa kazi ya kuhesabu vyumba vya nyumba nzima, inachukua muda wa kutosha.

Swali la kura tulilipunguzia makali. Badala ya "ulipiga?", likawa: "Siku ile ya uchaguzi wa mtaa wengine walipiga, wengine hawakuweza kwa kazi, ugonjwa, msiba, jina kukosekana, au hawakupenda tu. Wewe ilikuwaje?" Neno msiba tuliliweka kwa heshima ya mama wa vitumbua. Maneno ya kumlegezea mtu namna hiyo siyo ugunduzi wetu, watafiti wa kura wa Marekani wanayatumia miaka mingi, tulichofanya ni kuweka sababu za huku.

Kisha tukataka kuwa wajanja. Kwa swali la rushwa ya kampeni, kanga, sukari, elfu tano, tukajaribu ile mbinu ya orodha: nusu ya watu unawasomea mambo manne, nusu nyingine matano, yale manne pamoja na la rushwa, kila mmoja anakutajia yamempata mangapi tu, hataji yapi, halafu tofauti ya wastani wa makundi mawili ndo jibu lako. Ni mbinu yenye jina zuri. Nicaragua baada ya uchaguzi wa manispaa wa 2008 waliulizwa moja kwa moja kama walipewa kitu, kama asilimia 2 tu ndo walikubali, kwa njia ya orodha ikaja karibu 24. Sisi tulipata vichekesho. Mzee mmoja akasikiliza yote matano kwa utulivu akajibu: "La kwanza ndiyo. La pili hapana. La tatu hilo waulize vijana. La nne..." na huku mtoto wake anasikia. Bibi mwingine akasema mbona unanihesabisha kama niko darasani, si uniulize kama nilipewa sukari? Nilipewa. Siku ya pili tukaiacha. Tukarudi kwenye kitu cha kizamani, kikaratasi chenye picha, kalamu, unaweka alama ukigeukia ukuta, unatumbukiza kwenye kopo la biskuti lililotobolewa juu. Kopo lile watu walilielewa bila maelezo maana ndo kura yenyewe inavyofanyika.

## Ombi la orodha

Siku ya mwisho lilikuja lisilokuwa kwenye mpango. Ofisi moja, sisemi ngazi gani, ikatuita ikaomba orodha ya tuliowahoji, majina na simu, "kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi". Aliyeomba alikuwa mpole na inawezekana kabisa alitaka kweli kujaza faili lake.

Shida ni kwamba orodha tulikuwa nayo. Tulichukua majina ya kwanza na namba za simu ili mimi nipige baadaye kuhakiki kwamba mdadisi alifika kweli, na vyote vilikaa fomu moja na majibu. Yaani mtu angeshika kishikwambi kimoja angesoma jina, simu, na "sikupiga kwa sababu sina imani". Tulimwandikia kila mtu kwenye fomu ya ridhaa kwamba majibu ni siri, na siri yenyewe ilikuwa imelindwa na neno la siri la tarakimu nne ambazo wadadisi wote walizijua, moja mbili tatu nne. Nchi ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi toka 2022, na sisi tunaotakiwa kuwa mfano tulikuwa hivyo.

Nilijibu kwamba barua ya kibali haituruhusu kutoa majina na kwamba ripoti ya jumla tutaleta. Nikaombwa niandike. Nikaandika, kurasa moja, nakala kwa chuo. Usiku huohuo nikamaliza simu za uhakiki zilizobaki mpaka saa nne, kisha nikafuta safu za majina na simu kwenye vishikwambi vyote sita na kwenye akaunti. Ombi halikurudi tena. Kuna mwenzangu anaona nilifuta mapema mno maana tusingeweza kuwarudia watu hao baada ya uchaguzi mkuu, na ni kweli tuliipoteza hiyo nafasi.

## Matokeo yenyewe

Mtaa wa pili mahojiano yalirudi kwenye dakika ishirini na kitu. Waliosema hawakupiga walikuwa wengi zaidi kwa mbali, na sababu zikaanza kuwa na sura: kazi, safari, jina, kadi ya mkoa mwingine kwa wapangaji, na wachache waliosema wazi hawaoni faida. Waliokataa kuhojiwa nao waliongezeka, na hili nalihesabu kama dalili njema, mtu anayeweza kukukatalia ndiye ambaye "ndiyo" yake ina uzito. Swali la nani katutuma, "chuo" ilipanda, ingawa serikali haikutoweka na sidhani kama itatoweka.

Kwa hiyo mjumbe alipandisha majibu? Naamini hivyo. Siwezi kuthibitisha, na kosa ni letu. Tulibadilisha vitu vitatu kwa mpigo: mtaa, mwenyeji, na maneno ya swali. Mtaa wa pili una wapangaji wengi, wapangaji kwa kawaida wanapiga kura kidogo hata bila mjumbe. Tungekuwa na akili iliyotulia usiku ule wa gesti tungegawa mtaa wa pili nusu kwa nusu kwa bahati nasibu, nusu swali la zamani nusu jipya, isingegharimu hata senti. Tulikuwa na hasira na tulitaka kurekebisha kila kitu, na ukirekebisha kila kitu kwa siku moja hujui kipi kilikuwa kimeharibika.

## Ninavyokiona kisa hiki sasa

Kilichotuokoa ni swali la mapambo na picha ya matokeo ubaoni. Bila hayo mawili tungeandika kwamba mtaa ule una mwamko wa kisiasa wa hali ya juu, na ingesomeka vizuri tu. Na vyote viwili vilikuwa vya nje ya jibu la mtu, kitu cha kumlinganisha naye. Michigan mwaka 2006 watafiti waliwatumia watu barua zinazoonyesha wao na majirani zao nani alipiga chaguzi zilizopita, wakaambiwa baada ya uchaguzi itatumwa nyingine, na waliojitokeza wakatoka asilimia 29.7 hadi 37.8. Jicho la jirani lina nguvu hiyo. Wao waliweza kujua kama watu walipiga kweli kwa sababu rekodi ziko wazi, huku kwetu mtafiti hapewi orodha ya waliotiki, kwa hiyo jicho la jirani likiingia kwenye mahojiano halipandishi kura, linapandisha maneno tu na huna pa kuyakagulia.

Kilichofeli zaidi, na sitaki kukificha nyuma ya mjumbe, ni kwamba dodoso lilizaliwa kwa Kiingereza likatafsiriwa wiki ya mwisho na mtu mwenye shahada ambaye hakuandikisha jina mtaani kwake Oktoba ile. Tulikuwa na majaribio ya dodoso kwenye ratiba, siku moja, tukayafanyia kwa wanafunzi wa chuo. Wanafunzi walielewa kila kitu.

Na Z. Aliuliza swali sahihi siku ya kwanza, dakika kumi kabla ya kaya ya kwanza, na mfumo wetu haukuwa na mahali pa swali la mdadisi kwenda zaidi ya kwangu, mimi niliyekuwa nahesabu usiku za gesti.

Profesa bado anataka mtaa wa kwanza uingie kwenye makala, mimi bado sitaki, na faili lake limekaa kwenye folda inayoitwa "mtaa1_kigoda" toka siku ile. Dodoso tunalotumia sasa swali lake la kwanza kabisa, kabla ya umri na jinsia, linajazwa na mdadisi mwenyewe akiwa bado mlangoni: nani amekuleta hapa, na bado yupo?